Kutoka mguuni hadi kwenye lami: kufufua breki na springi za Mustang ya zamani

Mwenye Ford Mustang ya 1966 akifika gerejini, neno lake la kwanza huwa karibu lilelile: "Fundi, breki hazishiki, nifungie diski mbele." Simkatalii. Ila kabla ya kuagiza chochote nalipandisha gari juu ya stendi, natoa magurudumu yote manne, kisha namwita mwenyewe aje ajionee. Mara nyingi tunakuta wili silinda (kisukumio cha breki kilichomo ndani ya gurudumu) inavuja, brekishu zimelowa mafuta, hozi za mpira zina umri wa mtu mzima, na boljointi (kiungo cha chuma kinachoshika gurudumu kwenye mkono wake) ukiitikisa inacheza. Diski mpya haitaondoa hata kimoja kati ya hivyo.

Nafanya kazi hii Ohio, Marekani, na ufundi niliuanzia kwenye gereji ya malori Mombasa. Kinachowachanganya watu, kwa nilivyoona, ni kwamba kila kifaa huzungumzwa peke yake: leo diski, kesho busta (kiongeza nguvu ya mguu), keshokutwa shokamzoba. Ukweli ni kwamba nguvu ya breki inasafiri safari moja. Inatoka mguuni, inapita masta silinda (pampu ya mafuta ya breki inayosukumwa na pedali), paipu na hozi, inafika kwenye dramu (ngoma inayobanwa na brekishu kwa ndani) au diski (sahani inayobanwa na pedi pande zote mbili), inaingia kwenye gurudumu na mikono ya springi, na mwisho wake ni pale tairi linapogusa lami. Ukiifuata safari hiyo hatua kwa hatua, mambo mengi yanayoonekana mafumbo yanajieleza yenyewe.

Mustang ilitoka Aprili 1964, na chini yake kulikuwa na vyuma vya Falcon, gari dogo la familia. Ya silinda 6 ilikuja na dramu za inchi 9 mbele na magurudumu ya nati nne. Ya V8 ilikuja na dramu za inchi 10 na nati tano. Diski za mbele zilikuwepo kwa aliyetaka kulipia zaidi, na wengi hawakulipia. Wakati huo diski zilikuwa ngeni kwenye magari ya Kimarekani: Studebaker iliziweka mbele kwenye Avanti ya 1963, na Corvette ikapata diski kwenye magurudumu yote manne mwaka 1965. Na jambo zito kuliko yote, Mustang zote hadi za mwaka 1966 zina masta yenye chumba kimoja. Hozi moja ikipasuka, hata ya nyuma, magurudumu yote manne yanakosa breki kwa pamoja. Masta ya vyumba viwili ilikuja kwenye Mustang za 1967, na tangu Januari 1968 sheria ya Marekani ikalazimisha breki za magari madogo zigawanywe mikondo miwili.

Kwa hiyo mtu akiniuliza pesa yake ya kwanza aitie wapi, naye ana pesa ya jambo moja tu, namwambia: masta ya vyumba viwili na hozi mpya. Diski zitafuata. Dramu nzima yenye mikondo miwili naiamini barabarani kuliko diski inayotegemea mkondo mmoja.

Tuje kwenye dramu zenyewe, maana zinasemwa vibaya kuliko zinavyostahili. Ndani mna brekishu mbili. Ya mbele ina lainingi (utando unaosugua dramu) fupi, ya nyuma ndefu, na chini zimeunganishwa na kirekebishio chenye meno ya nyota. Dramu ikizunguka, inaiburuta shuu ya mbele. Shuu hiyo inaisukuma ya nyuma kupitia kile kirekebishio, na ya nyuma inajibana zaidi kwenye dramu. Kwa maneno mengine, mwendo wa gari wenyewe unasaidia kulisimamisha. Ndiyo maana gari lisilo na busta liliweza kusimamishwa na mguu wa mtu wa kawaida. Nimeshakuta brekishu zimefungwa kinyume, ndefu mbele na fupi nyuma, na mwenye gari ameshakata tamaa na dramu. Tulizibadilisha nafasi, tukarekebisha nyota, na gari likasimama.

Udhaifu wa dramu ni joto. Gari la kilo 1,400 likienda kilomita 100 kwa saa limebeba nishati ya kutosha kuchemsha lita moja na nusu ya maji ya kawaida, na ukisimama ghafla nishati yote hiyo inageuka joto kwenye breki kwa sekunde chache. Sehemu kubwa inaangukia magurudumu ya mbele, kwa sababu gari linainama mbele na uzito unahamia huko. Dramu ikipata moto inapanuka, yaani inazikimbia brekishu, na lainingi nayo inapoteza mshiko. Mguu unazidi kuzama. Diski ikipata moto inanenepa kuelekea kwenye pedi, na upepo unaigusa pande zote mbili. Kwa mteremko mrefu wa milimani, au mtu anayevuta trela, diski mbele ni jambo la maana kabisa. Kwa anayelitoa gari Jumapili asubuhi kwenda kunywa kahawa, dramu zilizotengenezwa vizuri zinatosha.

Jambo moja la afya: lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Usipulize vumbi la dramu kwa kompresa hata siku moja. Lilowanishe, lipanguse kwa kitambaa, kitambaa kifungwe kwenye mfuko na kutupwa.

Sasa tuseme umeamua kufunga diski. Hapa ndipo malalamiko yanapoanza: "Nimetumia pesa nyingi na pedali imekuwa ngumu kama jiwe," au kinyume chake, "pedali inakwenda mpaka sakafuni." Diski haina ule msaada wa kujibana. Inasimamisha kwa kubanwa tu, hivyo inahitaji shinikizo kubwa zaidi kutoka kwenye masta. Na shinikizo hilo ni hesabu ya darasani.

Chukua mguu unaokanyaga kwa kilo 30. Pedali ni wenzo. Kwenye gari lisilo na busta huzidisha nguvu karibu mara 6, kwa hiyo fimbo inaisukuma masta kwa kilo 180. Pistoni ya masta yenye kipenyo cha inchi 1 ina eneo la sentimita mraba 5.07, na shinikizo linatoka kilo 35.5 kwa kila sentimita mraba. Weka masta ya inchi moja na moja ya nane: shinikizo linashuka hadi 28. Weka ya saba ya nane: linapanda hadi 46. Mguu ni uleule, pedali ni ileile. Lakini masta ndogo inasukuma mafuta machache kwa kila hatua, kwa hiyo pedali inashuka zaidi kabla ya kushika. Pedali ngumu isiyosimamisha gari mara nyingi ni masta kubwa mno. Pedali laini inayozama, ukishahakikisha hakuna upepo ndani, huenda ni masta ndogo mno kwa kalipa ulizonazo, yaani vibanio vinavyozikaza pedi kwenye diski. Watu hununua masta kwa kuangalia kama matundu ya boliti yanalingana. Uliza kipenyo kwanza.

Ukiweka busta, hesabu inabadilika. Pedali za magari yenye busta huzidisha karibu mara 4 tu, kwa sababu kazi iliyobaki inafanywa na mvuto wa hewa kutoka kwenye injini. Ukifunga busta ukaacha pedali ya zamani ya mara 6, breki zitakuwa kali hata kwa mguu mwepesi, na siku ya mvua hilo ni hatari. Na mvuto wenyewe lazima uwepo. Injini iliyowekewa kemshafti kali ya mbio huwa na mvuto hafifu ikiwa sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta. Hapo busta haikusaidii, na dawa yake ni busta inayotumia shinikizo la pampu ya stelingi.

Halafu kuna valvu ndogo ambazo wengi hawajui kazi yake, wakazitupa pamoja na paipu za zamani. Mbele sasa una diski inayotaka shinikizo kubwa. Nyuma umebaki na dramu inayojibana yenyewe. Ukizipa shinikizo sawa, nyuma itajifunga kwanza, na gari ambalo magurudumu yake ya nyuma yamejifunga linazunguka likageuka kichwa mkia. Valvu ya kugawa shinikizo inapunguza yale ya nyuma pindi unapokanyaga sana. Ile ya kurekebisha kwa mkono ndiyo ninayoipenda kwenye magari yaliyobadilishwa, kwa sababu kila gari lina tairi zake na uzito wake. Kwenye mikondo ya dramu kuna pia valvu inayobakiza shinikizo dogo, karibu paundi 10 kwa inchi mraba, ili midomo ya mpira ndani ya wili silinda ikae imebana isivute hewa. Masta za dramu za zamani zina valvu hiyo ndani yake. Ukitumia masta hiyohiyo kwa diski, pedi hazitaachia kabisa. Utaendesha maili kadhaa, kisha utasikia harufu ya kuungua. Magari ambayo masta yake iko chini ya sakafu, kama mengi ya miaka ya 1940, yanahitaji valvu ya paundi 2 upande wa diski ili mafuta yasirudi nyuma kwa kuteremka.

Harufu ya kuungua inanikumbusha kisa ninachokitumia kuwafundisha vijana. Mustang ililetwa ikiwa imetoka kufungwa diski kwenye gereji nyingine. Dakika kumi za kwanza inakwenda vizuri, baadaye gurudumu la mbele kushoto linajifunga lenyewe. Mwenyewe alikuwa ameshanunua kalipa ya pili. Tuliiendesha mpaka ikajifunga, tukaisimamisha pale pale kwenye uwanja, tukainua upande wa kushoto. Gurudumu haligeuki. Nikalegeza nati ya paipu kwenye masta: mafuta yakatoka matone mawili tu, gurudumu bado gumu. Kama tatizo lingekuwa masta, labda fimbo ya pedali haina ule mwanya mdogo unaoruhusu mafuta kurudi, gurudumu lingeachia hapo hapo. Nikaikaza nati, nikafungua skrubu ya kutolea upepo kwenye kalipa: mafuta yakaruka kwa nguvu na gurudumu likazunguka kwa kidole. Basi shinikizo lilikuwa limenaswa kati ya masta na kalipa, na kilichopo kati yao ni paipu na hozi. Tuliikata hozi kwa kisu kwa urefu. Nje ilionekana safi, hata maandishi yalisomeka. Ndani mpira ulikuwa umevimba, njia imebaki nyembamba kama sindano. Mguu una nguvu ya kupitisha mafuta hapo. Mihuri ya kalipa haina nguvu ya kuyarudisha. Fundi aliyefunga diski alikuwa ameziacha hozi za zamani kwa sababu "zilionekana nzuri."

Paipu za chuma nazo zinaoza, na huku Ohio chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji inazila kwa nje, huku maji yaliyomo kwenye mafuta yakizila kwa ndani. Mafuta ya kawaida ya breki yananyonya unyevu wa hewa. DOT 3 mapya hayachemki chini ya nyuzi 205. Yakishanyonya maji kiwango hicho kinashuka hadi 140, na maji yakichemka ndani ya kalipa pedali inakanyaga mvuke. DOT 4 inaanza 230 na kushuka hadi 155. Kuna DOT 5 ya silikoni, isiyonyonya maji wala kuharibu rangi ya gari, ndiyo maana wenye magari ya maonyesho wanaipenda. Lakini haichanganyiki na hizo nyingine, na inashikilia viputo vya hewa kiasi kwamba kutoa upepo kunahitaji subira. Kwa gari linaloendeshwa mimi nachagua DOT 4 na kuibadilisha kila baada ya miaka miwili. Paipu mpya naziweka za mchanganyiko wa shaba na nikeli, zinapindika kwa urahisi na haziozi kwa chumvi.

Tumefika kwenye gurudumu, na hapa wengi wanadhani kazi imekwisha. Lakini kumbuka kalipa inashika diski tu. Kinacholizuia gurudumu lisirudi nyuma wakati wa kufunga breki ni mikono ya springi na bushi zake. Kwenye Mustang, mkono wa chini umezuiwa na fimbo ndefu inayokwenda mbele hadi kwenye fremu, yenye bushi mbili za mpira mwishoni. Bushi hizo zikioza, kila ukikanyaga breki gurudumu linarudi nyuma kidogo, pengine upande mmoja kuliko mwingine, na gari linavuta kushoto au kulia. Mteja anasema "breki zinavuta." Ukibadilisha kalipa mara tatu, itaendelea kuvuta.

Springi ya mbele ya Mustang imekaa juu ya mkono wa juu, ndani ya mnara wa bati uliomo pembeni mwa injini. Maana yake uzito wa gari unabebwa na boljointi ya juu na mnara wenyewe. Angalia mnara kwa taa kali: nyufa huanzia kwenye maungio ya bati karibu na matundu ya boliti. Magari yaliyopelekwa nje ya Marekani kwenye barabara mbovu yalifungiwa kiungo kizito cha kipande kimoja kutoka minara hadi ukuta wa injini, na Shelby, waliotengeneza Mustang za mwendo kasi, nao wakakitumia kwenye GT350 yao. Kinapatikana mpaka leo kwa bei ndogo, na ni kati ya vitu vichache ninavyomshauri kila mwenye gari hili avinunue.

Kuitoa springi hiyo ni kazi ya kuheshimu. Imebanwa kwa nguvu inayoweza kuvunja mfupa. Tumia kibanio kinachoingia ndani ya springi, chenye kulabu nzima, na usiweke uso juu ya mnara.

Shelby walifanya jambo jingine mwaka 1965 ambalo ndilo badiliko la bei rahisi na lenye faida kubwa kuliko yote: walishusha mahali pa kufungia mkono wa juu kwa inchi 1. Unatoboa matundu mawili mapya kila upande, kwa kigezo, na kufunga mkono wa juu hapo. Gari likiinama kwenye kona, gurudumu la nje sasa linasimama wima zaidi badala ya kulala kwa nje, na tairi linakanyaga lami kwa upana wake wote. Hakuna kipuri cha kununua, ila drili na uangalifu.

Kuhusu bushi, ndugu zangu wengi wanakimbilia zile ngumu za poliyurethani kwa sababu ni nyekundu na zinadumu. Mahali pengine zinafaa: kwenye stabilaiza (fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona), kwa mfano. Kwenye ile fimbo ya mbele sizitaki, kwa sababu fimbo inahitaji kupinda kidogo kila springi ikicheza, na bushi ngumu inaikatalia mpaka chuma kichoke. Mpira mzuri mpya hapo ni bora. Lakini mpira una sharti moja, na ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote: bushi ya mpira haizunguki, inajipinda. Ukiikaza boliti gari likiwa limening'inia, magurudumu yameshuka, mpira unaganda katika hali hiyo. Ukilishusha chini unakuwa umeshajipinda hata kabla gari halijaondoka. Baada ya miezi michache umechanika. Funga boliti kwa mkono, lishushe gari likae kwa uzito wake, litikise mara kadhaa, ndipo ukaze. Springi za nyuma, zile bapa zilizopangwa kama za lori, sheria ni hiyohiyo.

Stabilaiza inenepeshwe kwa kiasi. Ugumu wake unapanda kwa kipenyo kuzidishwa chenyewe mara nne, kwa hiyo kutoka robo tatu ya inchi kwenda inchi 1 unapata ugumu wa zaidi ya mara 3, si theluthi moja kama jicho linavyodhani. Shokamzoba nzuri za gesi mara nyingi zinaleta utulivu zaidi kuliko springi ngumu.

Mwisho ni tairi. Magari haya yalipimwa kwa tairi za nyuzi za mshazari, pamoja na stelingi isiyo na pampu, ndiyo maana vipimo vya kiwandani vinaweka kasta (mlalo wa mhimili wa kugeuzia gurudumu, kwenda nyuma) karibu na sifuri ili usukani uwe mwepesi. Leo unafunga tairi za radiali. Fundi wa alaimenti (upangaji wa pembe za magurudumu) akifuata kitabu cha 1966 neno kwa neno, gari litatangatanga barabarani na utalaumu stelingi. Mwombe kasta chanya ya nyuzi 3 au zaidi kadiri inavyofikika, kamba (kulala kwa gurudumu ndani au nje kwa juu) hasi nusu nyuzi, na magurudumu yaelekee ndani kama milimita 3 kwa jumla. Na kabla hujanunua magurudumu, hakikisha yanapita juu ya kalipa. Mengi ya zamani ya inchi 14 yanagusa.

Kila kitu kikishafungwa, natafuta barabara kavu, pana, isiyo na watu. Kwanza nazoesha pedi: mara kumi kutoka kilomita 50 hadi 10 kwa saa bila kusimama kabisa, kisha naziacha zipoe. Baada ya hapo mtu mmoja anasimama pembeni kwa umbali salama, mimi nakanyaga breki kwa nguvu kutoka 50, yeye anaangalia ni tairi gani linajifunga kwanza. Likiwa la nyuma, nazungusha valvu kupunguza nyuma, narudia. Nataka ya mbele yatangulie kwa kitambo kidogo tu. Halafu gari linakwenda kwa mwenyewe kwa wiki mbili, springi mpya zikae, na linarudi kwangu: nakaza tena boliti za mikono na za springi za nyuma, naangalia kila ungio la paipu kwa karatasi nyeupe kama lina unyevu, na alaimenti inapimwa upya, kwa sababu springi zikishakaa kasta na kamba za siku ya kwanza hazipo tena.